Sapoti imenitoa mara tatu halafu bei ikapanda, tatizo ni mimi au mstari?

Barua za safari hii karibu zote zinalia kilio kimoja: hisa inaruka ruka, mstari umechorwa, wa sapoti (chini, ambako bei inatarajiwa kugeuka na kupanda) au wa rizistansi (juu, ambako inatarajiwa kugeuka na kushuka), bei imefika kwenye mstari na haikufanya ilichotarajiwa. Nimechagua sita. Zilizofanana nimeziunganisha, kwa hiyo usipoiona yako usinune, soma tu, jibu lako limo humu humu. Na kama kawaida, hela ni zako na maamuzi ni yako, mimi nasema ninavyosoma chati mimi.

Shikamoo mwalimu. Nina akaunti ya dola 2,000, natreda hisa moja inayoruka sana. Nilichora sapoti kwenye 20 kwa sababu bei iligeukia hapo mwezi uliopita. Nikanunua hisa 80 kwa 20, stopu (oda ya kuuza yenyewe bei ikishuka hapo) nikaweka 19.90 ili nikikosea nipoteze dola 8 tu. Nikatolewa. Nikarudi nikatolewa tena. Mara ya tatu soko lilifungua chini nikauzwa 19.60, dola 32 zikaenda kwa mpigo. Wiki mbili baadae hisa iko 24.10 na mimi niko nje natazama. Kuna mtu anaiona stopu yangu? (Aliyechoka Kutolewa)

Marahaba mdogo wangu. Nianze na hilo la mwisho, hakuna anayeiona stopu yako, hisa 80 hazimshtui mtu. Ila hakuna haja ya mtu kuiona, manake watu kibao wenye mawazo kama yako wameweka za kwao palepale, senti chache chini ya namba nzima. Kuna mchumi anaitwa Carol Osler, alipata nafasi ya kuzichambua oda za wateja wa benki moja kubwa kwenye soko la fedha za kigeni, kazi yake ikatoka 2003, akakuta oda za kuchukua faida zinarundikana palepale kwenye namba nzima zenyewe, zile zinazoishia na sifuri, wakati stopu za kuuza zimejipanga chini yake kidogo tu. Hizo ni dola na yeni, sawa, sio hisa yako, lakini kichwa cha binadamu ni kilekile. Kwa hiyo bei ikishuka hadi 20 inakutana na wanunuzi, ikipenya kidogo inakutana na lundo la stopu, zinafyatuka zote pamoja, bei inadumbukia, halafu waliokuwa wanasubiri huko chini wanaokota na bei inarudi juu. Wewe ndio uliowauzia.

Sasa chati uliyonitumia. Hizo siku tatu ulizotolewa nimeziandika pembeni. Siku ya kwanza bei ya chini kabisa 19.40, ikafunga 20.30. Ya pili chini 19.65, ikafunga 20.55. Ya tatu ikafungua 19.60, ikashuka hadi 19.50, ikafunga 20.20. Ziangalie tena taratibu. Mara zote tatu utambi wa mshumaa (ule mstari mwembamba unaoonyesha bei ya chini kabisa ya siku) ulikwenda chini ya 20, na mara zote tatu siku ilifungwa juu ya 20. Yani sapoti yako ilishika! Ulikuwa sahihi mara tatu na bado dola 48 zimeondoka, hapo sijahesabu makato ya broka. Umetumia kalamu ya ncha nyembamba kwenye hisa inayotaka brashi.

Fikiria wanunuzi wa pale ni akina nani. Yupo aliyekosa kununua mara ya kwanza bei ilipogeuka, anasubiri irudi. Yupo aliyeshoti toka juu, yani aliuza hisa za kuazima akitegemea bei ishuke, anataka kufunga, azinunue tena achukue chake. Yupo mwenye hisa tayari anataka kuongeza. Hawa hawajakaa kikao wakakubaliana bei moja, mwenye wasiwasi wa kuachwa ananunua 20.20, mwenye tamaa ya bei ya chini anasubiri 19.50. Kwenye hisa tulivu hawa wote wanabanana ndani ya senti chache, ndio maana mstari mmoja unatosha. Kwenye hisa inayoruka wametawanyika, na eneo linanenepa.

Linanenepa kiasi gani? Hapo usitumie macho, tumia kipimo. Programu nyingi za chati zina kitu kinaitwa ATR, alikitoa J. Welles Wilder mwaka 1978, na hesabu yake haina uchawi: kila siku unachukua umbali mkubwa kuliko wote kati ya vitu vitatu, bei ya juu hadi ya chini ya siku hiyo, au bei ya kufunga ya jana hadi ya juu ya leo, au bei ya kufunga ya jana hadi ya chini ya leo. Hiyo jana imeingizwa makusudi ili gepu la asubuhi (soko kufungua mbali na lilipofungia) nalo lihesabiwe. Unatafuta wastani wa siku 14, basi. Yako inasoma 1.60. Maana yake hisa hii kwa siku ya kawaida tu, bila habari, bila lolote, inatembea dola moja na senti sitini, na wewe umeipa nafasi ya senti 10. Ni moja ya kumi na sita ya mwendo wake wa siku. Hata ingekuwa inapanda ingekutoa.

Mimi ningeifanya hivi. Eneo ningelichora kuanzia utambi wa chini kabisa, 19.40, mpaka bei ya chini kuliko zote iliyofungwa, 20.20. Upana senti 80, ambao kwa bahati ni nusu ya ATR, na kwa uzoefu wangu eneo la nusu ATR hivi kwenye hisa za namna hii ni la kawaida, likizidi ATR nzima naanza kujiuliza kama kweli ni eneo au nimejichorea tu ninachotaka. Bei ikiingia humo sinunui. Nasubiri ifunge juu ya eneo, tuseme naingia 20.30. Stopu naishusha chini ya eneo na kuiongezea robo ya ATR, 19.40 toa 0.40, inakuwa 19.00. Umbali wa kukosea ni 1.30 kwa kila hisa.

Hapa ndipo wengi wanapiga kelele, mwalimu 1.30 mara hisa 80 ni dola 104, si nitaumia! Utaumia ndio, ni zaidi ya asilimia 5 ya akaunti kwa treda moja. Ndio maana hisa hazibaki 80. Ukikubali kupoteza asilimia 1 ya akaunti, yani dola 20, gawa kwa 1.30, unapata 15 na kitu, nunua 15. Ikikataa umepoteza 19.50. Ikienda na ukatoka 23.70, kabla ya 24 wanakouza wengi, umepata dola 51. Wewe ulianza na idadi ya hisa halafu ukaibana stopu ili hesabu ikubali, na hisa haijui hesabu zako. Anza na chati ikwambie stopu inakaa wapi, idadi ya hisa ije mwisho.

Na ile mara ya tatu. Stopu ya kawaida ikishaguswa inageuka oda ya kuuza kwa bei yoyote iliyopo, haikuahidi 19.90. Soko likifungua 19.60 unauzwa 19.60. Ipo aina nyingine unayoweka na bei ya mwisho unayokubali, hiyo haitakuuza chini ya hapo, lakini bei ikiruka moja kwa moja unabaki na hisa mkononi inaendelea kushuka. Kila moja ina kidonda chake. Kwenye hisa zinazoruka mimi bado nachagua ya kwanza na kununua hisa chache, kwa sababu kubaki ndani bila kujua mwisho wake ni wapi kunaninyima usingizi kuliko senti 30 za ziada.

Habari za kazi kaka. Mume wangu ananicheka, anasema mistari yangu ni ramli na bei haina kumbukumbu. Nimjibu nini? (Mama wa Chati)

Nzuri dada, msalimie sana shemeji, kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli. Yuleyule Carol Osler, kwenye kazi yake ya mwaka 2000 akiwa benki kuu ya Marekani, tawi la New York, alichukua levo za sapoti na rizistansi ambazo kampuni kadhaa zilikuwa zikiwatumia wateja wao kila siku, akaziweka upande mmoja, upande wa pili akaweka levo zilizotolewa na kompyuta kwa kubahatisha tu. Levo za kampuni zilizuia bei mara nyingi zaidi kuliko za kubahatisha, hilo mwambie. Lakini mwambie na hili, usimfiche: hata zile za kubahatisha bei iligeukia kwenye nyingi tu, na ubora ulitofautiana kutoka kampuni moja hadi nyingine. Kwa hiyo ukichora mistari kumi bei itageuka kwenye mmojawapo na utajiona bingwa, wakati ingegeuka hata kwenye mstari wangu niliouchora nimefumba macho.

Bei haina kumbukumbu, kweli, ila aliyenunua anayo. Anaijua mpaka saa aliyobonyeza. Faharasa ya Dow Jones ya Marekani, kipimo cha bei za hisa kubwa za huko, ilifika karibu na 1,000 mwaka 1966 ikarudi. Ikaja kufunga juu ya 1,000 kwa mara ya kwanza tarehe 14 Novemba 1972, ikashindwa kukaa, 1974 ikawa chini ya 600, na ni mwishoni mwa 1982 tu ndipo ilipoiacha 1,000 nyuma moja kwa moja. Miaka kumi na sita watu wanauza kwenye namba moja ambayo kiuchumi haina maana yoyote, ni sifuri tatu tu. Sasa kama hiyo ni ramli basi ni ramli ambayo wapigaji wake wana hela, na mimi nataka kujua wamezipanga wapi.

Kinachokutoa kwenye ramli ni daftari. Kabla bei haijafika andika eneo lako, andika utafanya nini ikishika na utafanya nini isiposhika. Baada ya treda 50 hesabu. Kama mistari yako haishindi kurusha sarafu, shemeji kashinda, mpe heshima yake.

Mwalimu chati yangu imejaa mistari mpaka mishumaa haionekani. Nitajuaje levo ipi ya maana? Halafu kuna hisa moja nilikumbuka kilele chake cha zamani, nikakitafuta kwenye chati hakipo kabisa! (Buibui)

Umejiita vizuri. Fungua chati ya wiki, sio ya dakika tano. Futa kila kitu. Chora tu sehemu ambazo hata mtu aliyesimama mita mbili kutoka kwenye skrini yako angeziona, zitakuwa tatu, nne, zikizidi tano umeanza kubembeleza. Halafu shuka kwenye chati ya siku uziboreshe kingo. Chati ya dakika kwenye hisa inayoruka inazaa sapoti kila baada ya nusu saa na kuiua kabla ya kufunga soko, huko utachora mpaka uzeeke.

Kati ya hizo chache mimi naangalia zaidi bei iliondokaje pale. Kama ilifika, ikakaa siku sita inajivuta, halafu ikatambaa taratibu kwenda juu, hapo wauzaji na wanunuzi walishamalizana, hakuna deni. Kama ilifika na kuondoka kwa mshumaa mmoja mrefu wenye voliumu (idadi ya hisa zilizouzwa na kununuliwa) kubwa kuliko siku zote za karibu, kuna watu wamebaki na oda hazijajazwa na wengine wamebaki midomo wazi, hao ndio wataisubiri irudi.

Kuna ubishi wa miaka mingi kwamba levo ikiguswa mara nyingi ndio inazidi nguvu. Vitabu vingi vinasema hivyo. Mimi siafiki, angalau si kwa hisa hizi. Mguso wa pili na wa tatu unanionyesha kwamba watu wapo, sawa. Ila kila mguso unakula oda za wanunuzi, na hawaletwi wapya kila siku. Angalia urefu wa mdundo: ya kwanza iliruka dola 4, ya pili 2.50, ya tatu 1.20, ya nne senti 60. Hapo mtu anasema sapoti imekomaa, mimi naona ndoo inakaribia kukauka, nasogea pembeni.

Hilo la kilele kilichopotea, hakijapotea, kimegawanywa. Kampuni ikigawa hisa, chati nyingi zinarekebisha bei zote za nyuma. GameStop iligusa dola 483 tarehe 28 Januari 2021, kila mtu aliyekuwepo anaikumbuka hiyo namba. Julai 2022 kila hisa moja ikawa nne. Ukifungua chati leo utakuta kile kilele kiko kwenye 120.75, ndio kilekile. Tesla ilifika 1,243 Novemba 2021, Agosti 2022 hisa moja ikawa tatu, kilele kikasogea kwenye 414 na senti. Na hicho cha Tesla ni mfano mzuri kwa sababu bei ilishuka mpaka karibu na 102 Januari 2023, ikaja kukivuka kile kilele Desemba 2024, miaka mitatu. Mimi mwenyewe nishawahi kuweka alamu kwenye bei ya kabla ya mgawanyo, nikasubiri wiki nzima nikijisifu kwa uvumilivu, kumbe naisubiri bei ambayo hisa ingelazimika kupanda mara tatu ndio ifike. Kuna uvumilivu mwingine ni ujinga tu.

Kaka mambo. Rizistansi ilikuwa 50, bei ikapita, nikanunua 50.40 kwa furaha. Ikafika 51.10, ikageuka, siku hiyohiyo ikafunga 48.90. Mara ya nne hii mwaka huu. Brekiauti, hii ya bei kuvuka mstari, ni uongo? (Nimevunjika Mimi)

Poa. Sio uongo, ila umenunua swali ukidhani ni jibu. Bei kupita 50 saa nne asubuhi ni soko linauliza, kuna mtu wa kununua huku juu? Jibu linakuja wakati wa kufunga. Kumbuka juu ya 50 kuna stopu za walioshoti, zikiguswa ni oda za kununua, zinaisukuma bei kwa nguvu ya kukopa, na zikiisha hakuna aliyebaki wa kuisukuma. Hapo wewe ndio umeingia.

Nimeiangalia siku yako. ATR ya hisa hii ni 2.30. Kuvuka kwa senti 40 au hata dola 1.10 bado ni ndani ya kelele za kawaida, hujaona chochote. Voliumu ya saa ya kwanza ilikuwa kubwa, ikafuata inapungua, inapungua, na bei imesimama palepale 51. Bei mpya na watu wachache, hiyo picha ikariri.

Ninachotaka mimi ni siku ifunge juu ya eneo zima, sio juu ya mstari, na voliumu iwe imezidi wastani waziwazi. Halafu nasubiri irudi. Ikirudi kwenye 50 kwa mwendo wa kuchoka, voliumu ndogo, ikagusa na kugeuka, ile rizistansi imekuwa sapoti na naingia na stopu ninayojua inakaa wapi. Kwa nini inageuka hivyo? Aliyeshoti 50 amekwama na hasara, akiona 50 tena anafunga, yani ananunua. Aliyeuza 50 akaona inapaa anajuta, anataka kurudi palepale alipotokea. Aliyekosa anasubiri. Wawili waliokuwa wauzaji wamegeuka wanunuzi, wa tatu kajiunga nao, na hakuna kilichobadilika isipokuwa upande waliosimama.

Utaniuliza isiporudi je? Isiporudi imekwenda bila mimi. Inatokea, na hisa zenye nguvu kweli ndizo mara nyingi hazirudi, kwa hiyo hii njia inanikosesha baadhi ya nzuri kuliko zote, sikufichi. Wapo wanaogawa, nusu wananunua siku ikifunga juu, nusu wanasubiri irudi. Sio mbaya. Cha kutofanya ni kuikimbilia ikiwa imeshaondoka ATR mbili kutoka kwenye eneo, manake stopu yako ya halali inabaki kule chini na wewe huku juu, hiyo kazi imebaki ya maombi.

Kuna hisa ilikuwa na sapoti tatu zimepangana chini ya bei, nikalala na amani. Asubuhi ripoti ya mapato imetoka, bei imefungua chini ya zote tatu. Sapoti zilienda wapi? (Nililala Tajiri)

Pole sana. Hazikwenda popote, wenye oda walizifuta usiku. Mtu aliyekuwa tayari kununua kwa bei ya, tuseme, 80 alikuwa tayari kwa kampuni aliyokuwa anaijua jana. Ripoti ikitoka hiyo ni kampuni nyingine kwake, anaanza hesabu upya. Meta, wenye Facebook, ilifunga 323 tarehe 2 Februari 2022, kesho yake baada ya ripoti ikafungua karibu na 245 na kufunga 237.76, zaidi ya asilimia 26 kwa siku moja, na hiyo ni moja ya kampuni kubwa kuliko zote duniani. Katikati hapo hakukuwa na hata sekunde moja ya biashara ya mchana ambayo stopu ya mtu ingefanya kazi. Mwenye stopu 315 aliuzwa 240 na kitu.

Tarehe ya ripoti inatangazwa mapema, kuitafuta ni dakika moja. Siku ya kabla yake mimi napunguza mpaka idadi ambayo hata ikifungua chini asilimia 25 nitakasirika tu, sitaugua. Baada ya gepu usikimbilie kununua kwenye sapoti za zamani zilizo chini zaidi, ziache kwanza. Levo mpya zinazoanza kuwa na maana ni kingo za hilo gepu lenyewe, na bei ya chini ya siku ile ya fujo. Zipe siku kadhaa.

Na kama unatreda hisa za Marekani ujue pia hisa inaweza kusimamishwa katikati ya siku. Baada ya yale maporomoko ya ghafla ya tarehe 6 Mei 2010 waliweka utaratibu kwamba bei ya hisa ikitaka kutoka nje ya mipaka fulani haraka mno, biashara yake inasimama dakika tano. Ikifunguliwa inaweza kuanzia mbali na ilipoachia. Hapo napo stopu yako inangojea kama wewe.

Nilinunua kwa 61, sasa iko 38. Nasubiri irudi 61 nitoke bila hasara. Je 61 ni rizistansi? (Mvumilivu)

Kama ulinunua siku ya kawaida peke yako, hapana, soko halijui lolote kuhusu 61. Lakini nimefungua chati yako, wiki ile uliyonunua ndio ina voliumu kubwa kuliko wiki zote za mwaka, kila mtu aliingia pale kati ya 59 na 63. Watu kukataa kuuza kwa hasara na kukimbilia kuuza wakishafika bei yao ni jambo ambalo Shefrin na Statman walishaliandika tangu 1985, na wewe umeniandikia tena leo kwa mkono wako. Wote hao wanasubiri kama wewe. Kwa hiyo ndiyo, 61 ni rizistansi, na ni nyie wenyewe ndio mmeijenga.

Kutoka 38 kufika huko inatakiwa ipande asilimia 60, na ikifika 59 wajanja wenzako wataanza kuuza kabla yako. Sahau 61 kidogo. Chini ya 38 kuna eneo la 35 hadi 36.50 ambalo limeshika mara mbili mwaka huu. ATR yake iangalie, ni 1.90. Siku ikifunga chini ya 35 utafanya nini? Hilo ndilo sijaliona kwenye barua yako, niandikie.